Dagaa Niliowagawa

Alhamisi, kisiwani Kudha. Joto limenikaa kifuani tangu alfajiri.

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili. Nimeishi zaidi kuliko serikali nisizoweza kuzihesabu, na kuliko mashua zote nilizounda kwa shoka langu. Kuandika nilijifunza uzeeni, kwa kidole kimoja, lakini kisiwa hiki hakuna mtu amjuaye samaki kunizidi.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia binti yangu Mwanahawa.

Yeye kasomea kufuga samaki. Alichimbisha bwawa kando ya mikoko, akatia vifaranga vya mwatiko. Alipokwenda Kismayu kujifungua, aliniachia magunia ya dagaa wakavu niwasage, nichanganye na pumba na chicha ya nazi. Akasema nyama ya samaki hujengwa kwa vitu viitwavyo asidi amino. Nyingine mwili wake hauwezi kuziunda, sharti azile. Kwenye dagaa zimo tele, kwenye chicha hazitoshi.

"Na baharini nani humsagia?" nikamcheka.

"Baharini hujitafutia, baba. Hapa tumemfungia."

Alipoondoka nikagawa dagaa mlango kwa mlango. Kwetu dagaa ni kitoweo. Kumlisha samaki kwa samaki na jirani anakula wali mkavu, niliona ni dhambi. Nikasifiwa sana.

Nilipenda kusifiwa.

Mwatiko nikawapa pumba na chicha tu. Walikula, wakashiba, hawakukua. Mapezi yakalika, migongo ikapinda, kisha wakaanza kuelea. Watu walipouliza nikasema, tena barazani pa msikiti, kwamba elimu ya binti yangu ndiyo iliyowaua.

Jana karudi na kichanga kifuani. Hajafika bwawani, watu wameshamdaka ufukweni: "Ee msomi, samaki wako umewasomesha mpaka wamekufa?"

Akaopoa mmoja, akampapasa uti wa mgongo.

"Dagaa uliwapa, baba?"

"Niliwapa."

Akaniamini. Akakaa chini kwenye matope, akasema, "Basi hesabu yangu ndiyo mbovu."

Leo asubuhi kapanda boti ya Kismayu. Kasema hafugi tena.

Mwanahawa, mwanangu, hesabu yako ilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyewanyima.

Na nyinyi mliomcheka, msiponiamini mimi, muulizeni Bi Zuhura wa nyumba ya pili. Muulizeni na mwadhini wetu. Wote wawili walipokea dagaa hao mkononi mwangu, wakaniombea dua.