Ile Video Yako ya Sosi ya Mama Mdogo

Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Redio,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na wanangu. Kile kikohozi chako kimekuacha? Na yule wa mwisho, meno yameshatoka au bado anawakeshesha? Huku tuna afya sote. Binamu yetu fundi bomba amepata kazi kwenye jengo jipya, na sasa hakuna anayeweza kufungua mfereji mbele yake bila kupewa somo. Mama Mdogo goti linamsumbua akisimama sana, na unajua kazi yake ni ya kusimama.

Baada ya salamu, nina hasira na wewe. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe ndiye unayeongea. Kwenye barua utanyamaza mpaka mwisho.

Nimeitazama video yako. Nimeirudia nikiwa na kalamu mkononi, nisije nikakusingizia. Unasema sosi nyeupe ya kuchovyea chipsi, ile ya mgahawa ulikokulia, unaijua nje ndani, na leo utawaonyesha watu namna ya kuipika nyumbani. Unasema mwenye mgahawa ni mama yako mdogo, mkono wa birika, ambaye hajawahi kutaka mtu ajue siri yake. Halafu unavunja mayai kwenye blenda, unatia siki, chumvi na kitunguu saumu kibichi, unainua chupa ya mafuta na kusema: "Mwaga yote kwa mpigo, usiogope, ndivyo anavyofanya yeye."

Hapo picha inakatwa. Inaporudi, una bakuli la sosi nzito, nyeupe pe, imetulia kama rangi ya ukuta. Redio, ile ni ya dukani. Kifuniko cha chupa kinaonekana pembeni ya sahani.

Ninyi mlio mbali mnadhani maneno yenu yanabaki hukohuko. Mtaa mzima uliiona. Watu wakaingia jikoni kwao na mayai yao na mafuta yao, wakamwaga yote kwa mpigo kama ulivyoagiza, na wote wakapata kitu kimoja: maji ya njano yenye mafuta juu.

Wa kwanza kuja alikuwa fundi cherehani wa mlango wa pili. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi la dirishani nikila. Aliweka chupa ya jamu kaunta, ndani yake yale maji.

"Mama, ndiyo hii unayotulisha?"

Mama Mdogo akaitikisa, akainusa. "Hii imekatika. Nani kakufundisha?"

"Mwanao."

"Mwanangu yupi?"

"Kwani unao wangapi wenye mdomo ule?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Fundi akatoa simu, akaiegemeza kwenye kopo la chumvi. Mama Mdogo alifuta mikono, akaitazama yote, chipsi zikiungua nyuma yake. Sijawahi kumwona akiunguza chipsi. Ulipomaliza kuongea aliuliza swali moja tu: "Mkono wa birika ndiyo mimi?"

Fundi cherehani alianza kutafuta kitu kwenye mkoba wake ambacho hakikuwemo.

Sasa sikia alichofanya huyo mchoyo wako. Alichukua kiini kimoja kibichi, akakitia kwenye blenda, akaiwasha, na ile sosi iliyokatika akairudishia humo kijiko kwa kijiko, bila haraka, mpaka ikashikamana na kuwa nzito. Akamjazia fundi chupa yake, akakataa shukrani. Halafu akaiosha blenda, akaikausha, akaifunika kwa kitambaa. Haijafunuliwa tena.

Nilimuuliza kwa nini kwake sosi haikatiki na wewe umesema anamwaga mafuta yote. Akanionyesha kopo lake. Unalikumbuka, lile la bati analoning'iniza juu ya blenda likiwa limepinduliwa kichwa chini, huku yeye anabishana na wateja. Kifuniko chake kina tundu moja la msumari. Mafuta hutoka humo membamba kama uzi, na mayai yanayameza kidogo kidogo. Ndiyo maana anapata nafasi ya kubishana. Wewe ulisimama kwenye dirisha la oda miaka yote ile, hatua chache kutoka pale, ukaona kopo limepinduliwa, ukaamua linamwagika lote. Hukugeuka kutazama uzi. Ulikuwa unaongea.

Na kitunguu saumu hakiwi kibichi. Anakichemsha kwenye maziwa mpaka kinapondeka kwa kidole, ndiyo maana sosi yake haichomi koo. Mwisho kabisa anatia mtindi vijiko viwili na ndimu. Haya yote alinieleza mlango ukiwa wazi, wateja wakisikiliza, na fundi cherehani akamwomba arudie ile ya maziwa. Akarudia. Nilipomuuliza kwa nini hakuwahi kusema, alinishangaa. "Nani aliniuliza?"

Basi mwenye kuficha ni nani hapo? Wewe ndiye uliyekata picha.

Aliyekulea ni huyu. Sitakuandikia habari hizo, unazijua kuliko mimi, maana mimi nilikuwa mkubwa na wewe ulilala kitandani kwake mpaka ukaanza shule. Ulipopata watu wengi wa kukusikiliza, neno la kwanza ulilopata la kumsifia ni uchoyo.

Maneno yako yamezaa mengine. Dereva wa lori la soda alimwambia mbele za watu, "Mama, kumbe ulikuwa unatubania!" Huyo alikuwa anatania. Lakini wapo wasiotania. Wanasema amekutuma makusudi uwafundishe vibaya, waharibu mayai yao, wachoke, warudi kununua kwake. Wanalisema hilo wakiwa kwenye foleni, naye anawasikia, kwa sababu dirisha ni lilelile na halijapata kioo.

Chipsi sasa zinatoka na chumvi tu. Mtu akiuliza sosi, anamjibu, "Anayo mwanangu, muulizeni yeye." Nilitega sikio nikidhani ni kejeli. Si kejeli. Anasema kama mtu aliyetoa kitu na hakidai tena. Foleni imepungua, na wiki hii amemwambia mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwezi atamrudishia funguo. Anasingizia goti. Goti linauma tangu wewe hujaondoka, na hakuwahi kulitaja mbele ya mwenye nyumba.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayoyataka, na nayataka kabla mwezi haujaisha. Mpigie simu. Usinipigie mimi, wala usimtumie maandishi. Macho yake unayajua, herufi ndogo hayazioni. Mpigie asubuhi kabla hajawasha jiko, umwambie ulichokosea, kisha ukae kimya aseme. Najua kukaa kimya kutakuua. Jaribu.

Halafu toboa kifuniko cha kopo, pika sosi mwenyewe, picha isikatwe hata mara moja. Ikikukatikia, watu waone imekukatika, na waone unavyoiokoa kwa kiini kingine. Na useme wazi kwamba hakukunyima. Ulipomwita mchoyo ulitazama kamera bila kupepesa. Itazame vilevile unapolifuta neno lako.

Niliwahi kujaribu kukusaidia. Nilimwambia, Mama, kijana hakuwa na nia mbaya, mdomo ulimtangulia. Akanikata: "Usimsemee, mdomo anao." Ndiyo maana sikusemei tena.

Jana nilimwambia nakuandikia. Alikuwa anamenya viazi. Akafikiri kidogo, akasema, "Usimgombeze sana. Akigombezwa hali." Redio, una mke na watoto watatu, na bado kuna mtu huku anahesabu kama utakula. Hapo ndipo hasira yangu ilipopanda kuliko siku ile ya fundi cherehani. Nilimwambia sitakugombeza sana. Ona ulivyonifanya niwe mwongo nyumbani kwangu.

Binamu fundi bomba anakusalimu, na anasema hata yeye asingemwaga yote kwa mpigo. Fundi cherehani hakusalimu, nimemwomba mara mbili. Msalimie wifi yangu. Mwambie hili halimhusu, ila kama ndiye aliyeshika kamera, linamhusu. Wabusu wanangu, uwaambie shangazi yao anawawaza.

Mama Mdogo anakusalimu sana. Alisisitiza hiyo "sana".

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe na ujasiri wa kubonyeza namba moja unayoijua kwa kichwa.

Akupendaye, pamoja na haya yote,

Dada yako