Sindano Kabla ya Kisu

Jumanne, 4 Machi
Hatimaye nimeruhusiwa kujaribu sindano yangu ya ganzi. Mgonjwa ni fundi cherehani, mama wa makamo, anayepasuliwa kifua kuondoa uvimbe kwenye pafu. Nilimweleza mkuu wa idara kwamba neva za mbavu zikitiwa ganzi kabla ya kisu, huenda maumivu yasije kuwa sugu. Daktari wa upasuaji akacheka: "Haya profesa, choma. Ukichelewa naanza bila wewe." Sikuchelewa. Nilitamani kumsimulia mtu, lakini chumbani kwangu mna kitanda na feni tu.

Alhamisi, 6 Machi
Amekohoa bila kushika ubavu. Akaniita mwanangu. Tangu nihamie huku, hakuna aliyeniita hivyo.

Jumamosi, 26 Aprili
Wagonjwa wa sindano yangu sasa ni kumi. Utaratibu unataka wapigiwe simu mara moja tu kwa mwezi. Fundi nampigia kila wiki. Maumivu? "Hamna, mwanangu. Wewe umekula?" Kisha habari za wateja wanaoleta kitambaa leo na kudai gauni jana. Kwenye kipimo cha maumivu, sifuri hadi kumi, nimeandika sifuri. Nimebaki nikitabasamu peke yangu.

Alhamisi, 5 Juni
Kesho ninawasilisha matokeo. Nafasi yangu ya kusomea ubingwa yaitegemea siku hiyo. Leo fundi ameletwa kliniki na bintiye. Binti hakuzunguka mbuyu: shuka likimgusa mama ubavuni anaruka, cherehani imefunikwa tangu Aprili, mnamtibu nini? Mama akamkanyaga mguu. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unafurahi mno kwenye simu. Nikasema, huyu mtoto yuko peke yake, nisimvunje moyo."

Nimemwandikia dawa ya maumivu ya neva.

Ijumaa, 6 Juni
Nimefuta sifuri ya fundi, nimeweka saba. Daktari wa upasuaji, kwa sauti ya ukumbi mzima: "Profesa, mbona ganzi imekuingia wewe?" Wakacheka. Mkuu hakucheka. Aliuliza wale tisa waliosema hawana maumivu walihojiwa na nani.

"Na mimi," nikajibu.

Akaagiza muuguzi awapigie upya, mimi nisiwepo. Nimekaa kwenye benchi la korido. Mlango haukufungwa vizuri. Namsikia akijitambulisha kwa mgonjwa wa pili, akimwambia aseme tu, daktari hayupo — sasa anasikiliza, na kwenye upenyo naona kalamu inaandika, si sifuri tu hiyo, bado inaandika