Mfupa Ndani ya Papa Mkavu

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Tunduma tu wazima, ila babu yako bado anagombana na goti lake. Umeniuliza kutoka huko Mtwara kama mimi, nisiyewahi kuiona bahari, najua tofauti ya papa na pomboo. Najua, na nilijifunzia jikoni.

Serikali iliporuhusu watu binafsi kufanya biashara, niliuza papa mkavu hapa sokoni, na Wazambia walivuka kuja kununua. Harufu ile naikumbuka mpaka leo. Siku moja nilifungua gunia jipya, nikachemsha kipande kiwe mboga yetu. Mwiko ukagonga mfupa mgumu kama wa mbuzi. Papa hana mfupa wa hivyo. Wake ni laini, unatafunika.

Nikamwonyesha mfupa ule jirani yetu, mzaliwa wa Kilwa. Akaugeuzageuza.

“Huyu ni pomboo, mama. Papa hupumulia humohumo majini. Huyu huibuka kuvuta pumzi, na mwanawe humnyonyesha.”

Mama yako alikuwa kifuani mwangu, ananyonya.

Gunia zima nililizika shambani. Babu yako alinuna wiki nzima.

Wewe uko karibu na maji. Ukimwona anayeibuka kuvuta pumzi, mwambie bibi yako anaomba radhi.

Akupendaye,
Bibi