Sisi wa Yai Moja

Kwako pacha wangu, mama kijacho,

Salamu tele zikufikie wewe na shemeji. Natumaini miguu imepungua kuvimba, na huyo aliye tumboni anakuachia walau upumue. Mimi mwili haujambo. Roho ndiyo siwezi kuisemea.

Umelalamika kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba kila ukiniita nasingizia kazi. Kazi ipo kweli. Mkuu wa maabara amenikabidhi mashine mpya ya kupashia vinasaba moto, naichunga kama mtoto mchanga. Uliwahi kunitania kwamba nimesoma miaka yote ile nije kuwa mpishi wa mate ya watu. Hukukosea sana.

Ngoja nikueleze ninachopika, maana bila hilo hutanielewa. DNA, yaani vinasaba vilivyomo hata kwenye mate, ni nyuzi mbili ndefu zilizosokotana. Uzi wenyewe umeshikwa na vifungo vya kemia vilivyo imara, moto wangu hauvikati. Lakini kati ya uzi na uzi kuna vifungo vya hidrojeni, dhaifu kama vya shati. Joto likipanda vinaachia, nyuzi zinatengana, ndipo tunanakili na kusoma. Zamani nilikuwa naona raha kulifikiria jambo hilo. Siku hizi linanitisha, kwa sababu kilichoandikwa mle hakijali kama mwenyewe yuko tayari kusomewa.

Unajua ninakoelekea. Baba alianza kwa kumwaga chai, tukamcheka, naye akacheka. Kisha mikono ikakataa kutulia. Kisha yeye, mtu pekee ambaye hakuwahi kutuchanganya, akaanza kutuchanganya. Daktari alisema ni ugonjwa wa kurithi, herufi chache za vinasaba zinazojirudia mno, kama maneno ya mwenye kigugumizi, na kwamba kila mtoto hurithi au hunusurika, nusu kwa nusu. Nilipotaka tupime, nikakuambia usilolijua ni usiku wa giza, ulinijibu kwamba usiku ndio watu hulala. Ukaniapisha nisipime, kwa kuwa sisi ni wa yai moja na jibu langu ni lako. Nikaapa.

Dada, nimepima. Uliponipa habari za mimba nilifurahi, kisha kesho yake kikombe kikaniponyoka kazini, nikaikumbuka chai ya Baba. Nikachukua mate yangu mwenyewe nikayatia mashineni, wala sikumwambia mtu. Nilijidanganya kwamba nasoma yangu tu.

Kazi hainizuii kuja. Uso wangu ndio wako, ungeusoma kabla sijavua viatu. Nilikusudia nikuombe radhi tu, majibu nibaki nayo mwenyewe. Nimeandika nikachana, nikaandika tena, na sasa naona haiwezekani. Yangekuwa mazuri, ningevunja kiapo siku ileile, nikaja mbio nacheka.

Nisamehe. Naogopa kwa ajili yangu, na kwa ajili yako naogopa zaidi. Ila huyo mtoto nusu yake ni ya shemeji, na inawezekana kabisa amenusurika. Hilo ndilo ninalolishikilia.

Msalimie sana shemeji, umwombe asitoke leo, akae karibu nawe. Ukinichukia nitaelewa. Ukiniita nitakuja leo leo, tuogope pamoja.

Ni mimi, mdogo wako wa dakika chache.