Kifo cha Mtoto Aliyeachishwa Ziwa kwa Shubiri

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: Dada mkubwa wa baba wa marehemu, mtaani huitwa Mama Masweta
Umri: Miaka 46
Kazi: Kufuma masweta ya shule kwa mashine
Makazi: Chumba cha mbele, nyumba moja na wazazi wa marehemu

Mimi ni shangazi wa marehemu. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na sote tulimwita Kibonge kwa sababu ya mapaja yake. Mimi nilimwita mchumba wangu. Akinisikia nafuma, anakuja kukaa chini ya mashine avute nyuzi, nami najifanya nimekasirika. Nasema haya, afande, ujue kwamba mtoto yule alipendwa na nyumba nzima. Wifi yangu, mama yake, mnayemshikilia hapa, hakumtilia sumu.

Wifi alikuwa ameitwa kurudi kazini, kiwanda cha sabuni, kuanzia Jumatatu. Mtoto alikuwa hataki kikombe wala uji, anataka ziwa tu. Mdogo wangu, yaani baba wa mtoto, alikuwa akisema kila siku kwamba wifi anamdekeza na kazi itampita.

Mnamo Alhamisi tarehe 9 mwezi huu, jioni, mdogo wangu alirudi kutoka karakana anakotengeneza friji, akiwa na kipande cha shubiri kimefungwa kwenye gazeti. Ule ni utomvu wa mshubiri uliopikwa ukakauka, mweusi, unang'aa kama lami. Nilikionja kwa ncha ya ulimi nikakimbilia mlangoni kutema. Hapa mtaani wengi huachisha watoto ziwa kwa shubiri, lakini hukata jani bichi wakapaka mara moja. Mtoto akionja anakasirika, anasusa, basi, imekwisha. Sisi hatukujua kwamba kile kilichokaushwa ni kikali kuliko jani.

Wifi alikilowesha kwenye kifuniko cha chupa, akajipaka kwenye matiti. Kibonge akaja mbio, akaonja, akakunja uso kama mzee aliyepewa hesabu mbaya. Tulicheka sana, hata mimi. Akalia, akamtazama mama yake, kisha akarudi akanyonya hivyo hivyo, huku analia.

Wifi alisema imeshindikana, aache. Mdogo wangu akamwambia, "Paka tena. Paka nene." Nilikuwa nimekaa mlangoni na nimeyasikia kwa masikio yangu. Wifi akapaka tena. Mtoto akanyonya tena. Ikawa hivyo mpaka wakalala, na Ijumaa asubuhi vilevile. Sote tulikuwa tunafikiri uchungu ni kitu cha mdomoni tu. Hakuna aliyekumbuka kwamba kila alichokinyonya alikimeza.

Ijumaa mchana alianza kuharisha. Tulisema ni meno, maana alikuwa anatoa ya juu. Kufika jioni nepi zilikuwa hazikauki kwenye kamba, na macho yake yalikuwa yameingia ndani. Wifi alitaka kunawa ampe ziwa safi. Mdogo wangu akamwambia akilegeza sasa, kazi yote imekuwa bure. Mimi nilimwambia mdogo wangu mtoto apelekwe hospitali. Akajibu kwamba mimi ni mfumaji, si daktari.

Jumamosi alfajiri wifi aliamka akajisugua kwa maji na sabuni mpaka ngozi ikawa nyekundu, akampa mtoto ziwa. Mtoto hakuwa na nguvu ya kunyonya. Alilala na titi mdomoni, kimya. Hapo ndipo tukambeba.

Hospitali daktari alituambia maji yamemwisha mwilini. Aliuliza mtoto amekula nini. Mdogo wangu akasema, "Mimi sijui, mwulizeni mama yake." Wifi akasema alimpa shubiri kwa mkono wake mwenyewe. Hakusema nani aliileta, wala nani alisema apake nene. Mtoto alifariki kabla ya adhuhuri, na wifi akachukuliwa palepale akiwa bado amemshikilia.

Jana mdogo wangu alikuja chumbani kwangu. Alikuwa analia, na alikuwa analia kweli. Akaniambia, "Dada, mimi ni damu yako, usiniangushe." Nikamwambia, "Na Kibonge alikuwa damu ya nani?" Nimemlea mdogo wangu tangu mama yetu alipofariki, na hili nalitamka kwa uchungu mkubwa. Sisemi aliua. Hakuna aliyetaka mtoto afe. Lakini shubiri aliileta yeye na amri alitoa yeye, na wifi amebebeshwa peke yake. Kibonge anazikwa kesho saa nne. Naomba mama yake aachiwe akamzike.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Sijaongeza, na hata ndugu yangu sikumpunguzia.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika haya kama yalivyotolewa, nikamsomea shahidi, naye akakubali ni sahihi. Ombi la mazishi nimelipeleka kwa mkuu wa kituo. Kabla ya kuondoka, shahidi ameacha blauzi moja na kanga mbili apewe mtuhumiwa, kwa kuwa nguo aliyovaa imelowa maziwa. Nimezipokea na kumfikishia.