Hati ya Mama na Tingatinga Lako

Kaka Bakari,

Natoka kuzuru kaburi lako sasa hivi. Nimekusomea Yasini, lakini nimeisoma nimekunja uso. Nina hasira na wewe, na nisipokuambia mwenyewe sina wa kumwambia.

Unakumbuka ulivyolileta lile tingatinga chakavu hapa Nguvumali? Ulimpandisha Mama akakaa kitini, watoto wanashangilia. Ukaniambia, "Mdogo wangu, kila mtu anataka shamba, na visiki having'oki kwa dua." Nikacheka. Sikuuliza hela umezitoa wapi.

Siku ya maziko sheikh aliuliza kama yupo anayekudai. Nikasimama mbele ya jeneza lako, watu wote wananisikia: "Deni la kaka yangu ni langu." Nilidhani ni dizeli na fundi wa kuchomelea. Baada ya khitma akaja mtu wa mkopo na karatasi yenye dole gumba la Mama. Chuma chakavu walikikataa kiwe dhamana, wakataka nyumba, nawe ukawapa hati yake. Yule mtu alikusikia ukimwambia ni karatasi ya leseni ya tingatinga! Mama asiyejua kusoma, Kaka, ukamshika mkono ukamchovya kidole kwenye wino.

Na hela za kulipa ungezipata. Muheza ulisafisha mashamba ya watu kwa maneno ya "nitakulipa nikivuna." Mjomba peke yake ekari sita, hakutoa hata lita moja ya dizeli. Uliona haya kumdai mjomba, hukuona haya kuiweka rehani nyumba ya mama! Masika yakaja, mashine ikakwama matopeni, marejesho hayakusubiri jua. Presha ikakuangusha. Nikabaki mimi, nami nikikosa kulipa nyumba inapigwa mnada.

Sasa tingatinga naliendesha mwenyewe. Anayetaka kung'olewa visiki anaweka dizeli na nusu ya malipo kwanza, awe mjomba awe nani. Mjomba hanisalimii siku hizi. Asinisalimie.

Na bado kila nikiwasha ile mashine nageuka kukutafuta.

Mama hajui kitu. Kila jioni ananiambia, "Muombee kaka yako, alitupigania." Naitikia amina, nimeuma meno.

Nilisema mbele ya jeneza, sirudi nyuma. Hati nitaikomboa, niirudishe sandukuni kwa Mama pale pale ulipoitoa, asijue kama iliwahi kutoka. Siku hiyo nitakuja kukusamehe. Ijumaa hii nitakuja na Yasini tu.

Kwaheri, Kaka.

Mdogo wako,
Hamisi