Santuri Kwangu, Gramafoni kwa Aminiel

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tena. Nimefuta santuri kumi na mbili, mgongo ukagoma. Bado arobaini na sita. Ukungu wa huku hauna adabu, unaota kwenye makava kama unavyoota kwenye mkate. Nafuta kwa fulana kuukuu na maji ya vuguvugu, nazisimamisha ukutani zikauke. Kazi ya kila masika. Nimeichoka.

Lakini hakuna mtu, kuanzia hapa Marangu mpaka Bomang'ombe, mwenye santuri za panki kama mimi. Panki ya muziki, siyo ile ya nywele. Tena ile ngumu kabisa. Wimbo unaisha kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Mimi nimewahi kutoka kwenda haja ndogo, narudi upande mzima umekwisha. Kuna mzee kule Masama ana santuri za dansi, anajisifu mpaka kwenye misiba. Dansi kila mtu anazo. Zangu zina mafuvu kwenye kava, zina mabomu, ipo moja ina mbwa amevaa tai. Zilikuwa zinakuja kwa sanduku la posta la kanisani. Mchungaji wa zamani alikuwa ananikabidhi kwa ncha za vidole.

Mke wangu kapita na ndoo ya maziwa. "Baba Ruthi, umemaliza kuogesha watoto? Mbona hawalii?"

Hawalii kwa sababu gramafoni iko kwa Aminiel. Mwaka wa tatu sasa. Santuri kwangu, gramafoni kwake, katikati ni mfereji na migomba yake. Hatusalimiani. Yeye ana mdomo hana chakula, mimi nina chakula sina mdomo. Wazee wawili wajinga. Yeye zaidi.

Jumatano, 7 Mei

Nimeshuka kilabuni kwenye mbege. Wakaniomba ile ya Dani. Nikajifanya sitaki, kisha nikaisema.

Dani alikuwa kijana wa kizungu, nywele za bluu, mikono imechorwa mpaka kwenye kucha. Enzi hizo mimi na Aminiel tulikuwa wagumu, yaani wabeba mizigo wa mlimani. Dani akashikwa na ugonjwa wa mlima pale Kibo. Basi nikambeba mgongoni peke yangu mpaka kambi ya Horombo, theluji magotini, na sufuria ya supu nimeining'iniza shingoni. Haikumwagika hata tone. Ndiyo maana kila Krismasi akawa ananitumia santuri za kwao, miaka mingi, kisha vifurushi vikakatika. Sijui amekufa, sijui amenyoa.

Mmoja akasema, "Babu, mwezi uliopita ulikuwa uji."

"Uji ulikuwa mkono wa kushoto."

Wakacheka, nikaletewa kikombe cha pili. Mimi nikiongea watu hawaondoki.

Halafu mama muuza mbege akasema Aminiel anahamishwa. Miguu yake imekataa kabisa tangu Krismasi, hakuna wa kumgeuza kitandani. Binti yake Elinami anakuja kumchukua, Jumamosi ya wiki ijayo, wanakwenda Dar. Harudi tena.

Nikauliza, "Na gramafoni?"

Yule mama alinitazama kama nimetema kwenye pipa lake. Nilitakiwa kuuliza habari ya mtu kwanza. Ndivyo ilivyotoka. Nimerudi nyumbani kabla ya kumaliza kikombe.

Ijumaa, 9 Mei

Sijafuta hata moja. Nina hasira. Na mvua, na magoti, na Aminiel. Anaondokaje bila kusema?

Jumapili, 11 Mei

Kanisani. Wamemwingiza Aminiel kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne, ingawa wawili wangetosha. Amekwisha. Shingo imekuwa kama ya kuku aliyelowa. Ameombewa safari njema. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Nilipoinua macho yeye ananitazama. Nikarudi sakafuni.

Tulibatizwa siku moja mimi na huyu. Tumebeba mizigo pamoja mpaka mabega yakawa na sugu kama ng'ombe wa kukokota jembe. Gramafoni tuliinunua Moshi mjini kwa Mhindi aliyekuwa anahama, tukaileta tukipokezana kichwani kutoka barabarani. Mwezi mmoja kwake, mwezi mmoja kwangu. Yeye anakuja na kigoda chake, tunasikiliza, hatuongei. Kiingereza hatujui, wala hawa watu hawatamki. Wanapiga kelele tu, kama wagumu kwenye ule mteremko wa mwisho wakati kila kitu kinauma na bado kuna kupanda. Hilo tulilielewa. Mke wangu alisema ni kelele za watu wanaochinjwa. Sisi tulisikia wenzetu.

Tuligombana kwenye kipaimara cha mjukuu wangu. Walinipa maiki. Mtu mwenye akili hanipi mimi maiki. Nikasema ile ya Dani, na siku hiyo nikaiongezea chumvi, nikasema wakati mimi nabeba, Aminiel alikuwa amekaa nyuma ya jiwe analia, anamwita mama yake. Watu walicheka mpaka nyama zikaanguka. Aminiel akaweka sahani chini. Hakufoka. Akaenda zake. Ilikuwa mwezi wake wa gramafoni, na haikurudi tena.

Kusema kweli, tulimbeba wawili. Hii naiandika humu tu.

Jumanne, 13 Mei

Nimemtuma mke wangu kwa Aminiel na chupa ya maziwa na santuri mbili, zile zenye kelele kuliko zote. Nikajua hapo atalainika tu.

Chupa imerudi tupu, santuri zimerudi kama zilivyokwenda. Aminiel amesema, "Maziwa nimeshukuru, shemeji. Hizi mrudishie mwenyewe. Mwambie siku ile hakubeba hata kofia ya yule kijana."

Mke wangu akauliza, "Ni kweli?"

Nikamwambia miguu ikifa kichwa kinafuata. Hakucheka. Huyu mwanamke amenicheka miaka yote, hata pale nisipotaka. Leo hakucheka. Akakaa kupukuchua maharage. Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Masale yako pale mpakani. Hayajakatwa yote."

Najua alichomaanisha. Kwetu mwenye kosa akikuletea jani la sale limefungwa fundo, humfukuzi, hata kama amekuchomea nyumba. Lakini halipelekwi kimya kimya kama barua ya harusi. Unalishika, unasema kosa lako kwa mdomo wako. Hapo ndipo pagumu.

Nimechoka. Siendi.

Jumatano, 14 Mei

Nitaandika mara moja, sitarudia.

Dani alianguka pale Kibo, mapovu mdomoni. Kiongozi wetu alikuwa juu na wageni wengine. Tulibaki mimi na Aminiel. Kichwa changu kilikuwa kinapasuka, macho yanaona mbilimbili. Nikakaa kwenye jiwe nikalia. Mimi ndiye niliyemwita mama. Aminiel akamfunga Dani mgongoni kwa blanketi, akashuka naye peke yake mpaka Horombo, akamwacha na wenye machela, kisha akapanda tena. Kunifuata mimi. Akabeba na mzigo wangu.

Dani alipopona akauliza majina ya waliomwokoa. Aminiel akataja mawili. La kwanza akataja langu, sijui kwa nini. Yule kijana akaandika hilo la kwanza kwenye vifurushi vyote. Na Aminiel hakuwahi kumwambia mtu, hata mimi nilipoanza kujisifu. Alikuwa anacheka pamoja na wengine. Mpaka nilipomgeuza yeye ndiye wa kulia.

Kwa hiyo hizi santuri hamsini na nane si zangu. Hata ukungu wake ni wa Aminiel.

Nikiacha hiyo hadithi mimi ni nani? Mzee mwenye ng'ombe mmoja na magoti mabovu. Nikinyamaza, Jumamosi anaondoka na sitamwona tena duniani. Nikisema, watanicheka mpaka siku ya kunizika, na wengine watacheka wakiwa wameshika koleo.

Ijumaa, 16 Mei

Nimekata sale asubuhi. Nimefunga fundo, likafunguka. Nimefunga tena. Kwenye mfereji nikateleza, nikafika na tope mpaka kiunoni. Elinami akafungua mlango. "Shikamoo baba. Jamani, umepigwa na nani?"

Aminiel kalazwa sebuleni. Gramafoni iko pembeni, imefunikwa kitambaa kilichofumwa, safi, haina hata vumbi. Nikampa sale. Nikasema yote. Jiwe, kulia, mama. Nilisema kwa haraka, sauti ya chini, kama mtu anayeagiza dawa asiyotaka wengine wasikie.

Akalishika lile jani muda mrefu. Nikadhani amesinzia.

"Sale nimepokea, meku, mzee mwenzangu," akasema. "Siwezi kulikataa. Lakini wewe ulinitukana kwa maiki, unaniomba radhi kwa kunong'ona?"

Elinami akaziba mdomo kwa kanga. Nilimwona mabega yanatikisika.

"Kesho watakuja watu kuniaga," Aminiel akasema. "Na wewe mdomo unao."

Amenikamata. Hata akiwa amelala anakamata. Nimerudi nimeoga, nimekaa. Naogopa. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mlima.

Jumamosi, 17 Mei

Nimesema.

Uwanja ulijaa, watu na mabakuli ya mtori, gari limefunguliwa milango. Nikasimama katikati. Nikaanza: siku ile pale Kibo mimi sikumbeba mtu. Wakacheka! Nikasema aliyelia ni mimi. Wakacheka zaidi. Mmoja akapaza sauti, "Babu leo kaja na mpya! Na supu je, ilimwagika?" Nikasema hapakuwa na supu. Wakajishika mbavu. Yule mama wa mbege anafuta machozi. Nasema kweli, jamani, nasema kweli, na kila nikisema kweli wanaona ninakoleza. Sikuwahi kuona aibu kama ile. Nimewazoesha vibaya mwenyewe, sasa nimesimama pale kama mtu anayezama na watu pwani wanapiga makofi.

Nikaishiwa. Nadhani nililia, sina uhakika, mvua ilikuwa inanyunya.

Ndipo Aminiel akainua mkono kutoka kwenye kiti. "Anasema kweli," akasema. "Ndiyo ya kwanza tangu azaliwe, msimkatishe."

Vijiko vikasimama. Nikaisema tena kuanzia mwanzo, polepole, kwa sauti. Mke wangu alikuwa amesimama karibu na jiko. Alinitazama mpaka mwisho.

Nilikuwa na santuri moja chini ya koti. Elinami akatoa gramafoni, waya ukapitishwa dirishani. Tukaiweka. Kuku walikimbia. Mchungaji mpya akaangalia saa yake, akaangalia mbingu. Aminiel akaweka kiganja juu ya sanduku, kumbe masikio nayo yamepungua. Wimbo ukaisha. "Tena," akasema. Tukapiga upande ule ule mara tatu.

"Hawa wanasema nini?" akaniuliza.

"Sijui."

"Mimi najua. Wamechoka."

Nikamwambia achukue gramafoni na santuri zote, ni zake, nitazibeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Akakataa. "Elinami ana majirani ukuta kwa ukuta. Unataka nifukuzwe Dar wiki ya kwanza? Baki nazo. Ila ukiulizwa, sema za nani."

Tukamwinua kumpeleka kwenye gari. Nilishika upande wa kushoto. Mwepesi mpaka inauma. Nikamtania, "Wewe mtu, mzito wewe."

"Wewe uzito huujui," akasema.

Mlango ukafungwa. Gari liliteleza kidogo pale kwenye kona, likashika njia.

Alhamisi, 22 Mei

Elinami amepiga simu. Wamefika salama. Aminiel analalamika joto na ndizi za kule, anasema hata ng'ombe wetu angezikataa.

Nimeshuka kilabuni. Kulikuwa na mgeni, mnunuzi wa ndizi kutoka Bomang'ombe. Ameambiwa kuna mzee wa hadithi, akaniomba ile ya mzungu wa nywele za bluu. Nikamwambia. Aminiel alimbeba, akamfikisha, akarudi. Imekuwa fupi. Imekwisha kabla mbege haijatulia kwenye kikombe.

Akauliza, "Na wewe, babu, ulikuwa wapi?"

"Nimekaa. Nalia."

Akangoja kichekesho. Hakikuja. Akasema pole. Wengine wakaanza kuongea habari za bei ya kahawa, nikakaa kidogo, nikaondoka. Hakuna aliyenishika mkono nibaki.

Gramafoni iko mezani, sijaiwasha. Mke wangu akasema, "Washa basi, nyumba imepoa mno." Nikamwambia kesho. Akavuta kigoda cha Aminiel, kile alichokiacha siku nyingi pale kibarazani, akakaa karibu na mimi na ungo wake wa maharage. Nikachukua konzi moja, nikamsaidia kupukuchua.